Bwana Mbilimbili na Seva ya Akiba

Mtaani kwao hakuna anayelitumia jina lake. Ukifika ukauliza nyumba ya mtaalamu wa kanzidata, watu watakutazama tu kama umeulizia mwezi unauzwa wapi. Lakini ulizia kwa Bwana Mbilimbili, na hata mama aliyejitwisha ndoo atasimama akuelekeze: nenda moja kwa moja, geti lile lenye kufuli mbili, kengele nazo ziko mbili, bonyeza yoyote.

Mtu yule, jamani, alikuwa na viwili vya kila kitu. Saa mbili, moja kila mkono. Miavuli miwili. Mkanda kiunoni na mikanda ya begani juu yake, suruali isije ikapata upenyo. Jikoni kwake kulikuwa na birika mbili za umeme, na moja haikuwahi kuonja maji tangu itoke dukani, kazi yake kusubiri mwenzake afe. Siku alipomchumbia mke wake alipiga goti vizuri kabisa, akatoa pete kwenye mfuko wa shati, na kabla bibie hajafungua mdomo akamtoa wasiwasi kwamba hata hii ikipotea, iko nyingine kwenye soksi. Dada wa bibie, aliyekuwa amesimama pembeni, akauliza kama hiyo ya kwenye soksi ni yake. Wakaoana, wakapata watoto, na watoto wenyewe wakaja mapacha. Hapo mtaa ukakata kauli, akawa Mbilimbili mpaka leo.

Cheka hayo ya nyumbani, ya kazini usiyacheke. Bwana huyu ndiye aliyekuwa akitunza kanzidata ya hospitali kubwa, yaani lile ghala la kwenye kompyuta linalojua wewe ni nani, damu yako kundi gani, na safari iliyopita daktari alikuandikia nini. Ghala hilo likizima Jumatatu asubuhi, foleni ya wagonjwa inatoka nje ya geti na manesi wanaanza kukoromeana na watu. Kwa hiyo Mbilimbili aliliweka kwenye seva mbili, kompyuta kubwa mbili zilizokaa katika chumba chenye baridi kali, ambamo yeye huingia na sweta mbili. Ya kwanza aliiita Kaka, ya pili Mdogo. Kaka ndiye anayefanya kazi. Mdogo anakaa tu, ananakili kila neno analoandika Kaka, na anasikiliza. Maana Kaka, katikati ya shughuli zake zote, hutuma ishara fupi kwenye waya bila kuchoka: nipo, nipo, nipo. Wenye fani yao wanaiita mapigo, kama ya moyo. Mapigo yakikatika, Mdogo halii, haulizi, hamtafuti ndugu yake. Anakamata kiti na kuendelea pale pale Kaka alipoachia, na nesi wa mapokezi hajui hata kama kuna msiba.

Hilo ndilo lililokuwa penzi la maisha yake. Kila Jumamosi aliandika makala kuhusu huduma isiyokatika na kuiweka kwenye tovuti yake, kwa Kiswahili, kwa sababu alishikilia kwamba seva haijali lugha lakini anayeitunza anajali. Makala zilikuwa sahihi, hilo halina ubishi. Ila zilikuwa kavu. Sentensi yake ilianza juu ya ukurasa ikateremka nao, na ukifika mwisho umeshasahau ilikuwa inamzungumzia nani. Alikuwa na msomaji mmoja mwaminifu ambaye chini ya kila makala aliacha swali lile lile, kama hii inafanya kazi kwenye simu, na Mbilimbili alimjibu kila mara kwa upole na kwa kirefu.

Kwenye kuzungumza sasa, ndiyo balaa lenyewe. Walimwalika vyuoni na kwenye mikutano ya mafundi wa kompyuta, kwa sababu wote walijua kwamba hakuna anayezijua seva pacha kama yeye. Akapanda jukwaani, akakohoa mara mbili, na kuanzia hapo ukumbi ukawa unazama taratibu. Wa nyuma waliondoka kwa kunyata. Wa katikati waliinamia simu. Wa mbele, kwa kuwa wanaonekana, walilala macho wazi. Alijua. Nyumbani alisema watu walikuwa wametulia sana wanafuatilia, na mke wake hakumchimba zaidi kwa sababu alimpenda.

Mke huyo alikuwa mwalimu wa chekechea. Kazi yake mchana kutwa ilikuwa kueleza mambo kwa watu ambao dakika moja wanakusikiliza na dakika inayofuata wamevaa viatu vya mwenzao. Na mama yake mzazi aliishi nao pale nyumbani, mama mwenye afya yake na maneno yake, asiyejua kompyuta inawashiwa wapi, lakini hakuna jambo lililopita ndani ya nyumba ile bila yeye kupiga kura. Rangi ya ukuta, aina ya mchele, mapacha wasome wapi. Mbilimbili alimheshimu sana mama mkwe wake. Kumwogopa nako kulikuwemo.

Basi zile makala alizikusanya, akazisuka upya, zikawa muswada wa kitabu. Miaka ilipita anautengeneza. Alipoona umeiva akaupeleka kwa mhariri wa nyumba moja ya uchapishaji, mwanamke mmoja mkavu wa maneno, miwani puani, asiyempaka mtu mafuta. Mhariri akamwita ofisini, akamwambia kwamba amejitahidi kuusoma na amelala nao mara kadhaa, na si kwa ubaya. Anahisi humo ndani mna kitu kizuri kimezikwa. Akamwambia kuna mkutano mkubwa unakuja, wa wataalamu na wasio wataalamu, na yeye Mbilimbili yumo kwenye orodha ya wazungumzaji. Mhariri atakuja, ataketi, na hatamtazama yeye, atawatazama watu. Wakielewa, kitabu kinachapwa. Wakilala, waagane kwa amani na muswada arudi nao nyumbani.

Mbilimbili akakubali. Kitabu kile kilikuwa ndicho kitu pekee duniani alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe, si kwa hospitali wala kwa mapacha, na sasa kimetundikwa kwenye kitu kile kile kinachomshinda.

Akaanza mazoezi. Kila jioni alisimama sebuleni mbele ya mke wake anayepiga pasi, akamwaga mada yake yote kuanzia mapigo mpaka mwisho. Sehemu aliyoipenda ilikuwa ile ya ugonjwa wa vichwa viwili. Ugonjwa wenyewe ni huu: waya kati ya Kaka na Mdogo unakatika, lakini Kaka hajafa. Mdogo hasikii mapigo, anadhani ndugu yake ametangulia, anakamata kiti. Kaka naye, mzima wa afya, hajui kama amefiwa na waya, anaendelea kujiona ndiye mkubwa. Wakubwa wawili. Kila mmoja anaandika lake, na mgonjwa mmoja anajikuta na dawa mbili zinazogombana. Tiba yake ni kuweka shahidi, kimashine cha tatu, kidogo, kisichotunza kumbukumbu yoyote wala kufanya kazi yoyote, kazi yake kupiga kura tu nani awe mkubwa. Atakayeshindwa kwenye kura ashuke papo hapo, asibishe, asijieleze. Hayo Mbilimbili aliyaandika kwa herufi nzito.

Mke wake akainua pasi, akamwambia kwamba hata darasani kwake hilo lipo, viranja wawili wakigombea ubao, kwa nini asiwaeleze watu hivyo. Mbilimbili akatabasamu kwa huruma. Akamjibu kwamba hii ni sayansi, mke wangu, haiendi na habari za kamasi. Mama mkwe, aliyekuwa anasinzia kwenye kochi, akasema bila kufungua macho kwamba yeye amependelea ya kamasi. Mazoezi ya jioni ile yakaishia hapo.

Kisha likamjia lile wazo. Mada nzima inahusu kuwa na wa akiba, na mzungumzaji mwenyewe hana wa akiba. Itakuwaje akipata homa? Aibu ya mwaka. Ofisini kila mtu alikuwa na udhuru wake, hakuna aliyetaka hata kuziona zile slaidi zake za kuonyesha ukutani mara ya pili. Ndipo akageuka akamtazama mke wake, ambaye kwa wiki zote zile alikuwa amenakili kila neno pasi mkononi, na akamteua rasmi. Akampa kanuni. Siku ya mkutano, wakiwa mbali mbali, atakuwa anamtumia ujumbe mfupi kila baada ya muda kidogo: Nipo. Yeye hana haja ya kujibu, wa akiba kazi yake kusikiliza. Ujumbe ukikatika na saa ya kuzungumza ikafika, apande jukwaani.

"Nisikutafute kwanza?" mke wake akauliza.

"Usinisubiri, usinitafute. Mdogo hamtafuti Kaka. Ukinitafuta, ukumbi unabaki mtupu, na hapo ndipo mfumo unapokufa."

Mke wake alimtazama muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema sawa, akaendelea na kola ya shati. Mbilimbili alichukulia kwamba yote hayo ni mfano mzuri wa kuwapa wasikilizaji. Hakuwa anajua kwamba mwalimu wa chekechea akishaikubali kanuni, ameikubali.

Siku ikafika. Jengo la mkutano lilikuwa refu, la vioo, ukumbi ukiwa ghorofa ya juu kabisa. Mbilimbili alifika mapema akawatoa jasho mafundi wa ukumbi: vipaza sauti viwili, projekta mbili, rimoti mbili za kubadilishia slaidi, zote zifanye kazi kwa wakati mmoja. Akashuka mpaka chini akazikagua jenereta za jengo, zilikuwa mbili, moyo wake ukasuuzika. Mke wake aliketi mstari wa mbele, na mama mkwe pembeni yake, kavaa kama anayekwenda kupokea tuzo. Mhariri alikaa kona, kiti kakigeuza upande, awaone watu vizuri. Mshereheshaji alikuwa kijana wa tai nyekundu, mcheshi kwa kulipwa.

Kompyuta mpakato alikuja nazo mbili. Zote zikawaka, zote zikakubali. Mtu mwingine angekaa akanywa maji. Yeye akakumbuka kwamba ile ya tatu imebaki kwenye buti la gari. Msemaji kabla yake alikuwa bado anaendelea, nafasi ipo. Akamwonyesha mke wake simu, kwamba mapigo yako pale pale, akashuka. Kila alipofika hatua fulani akatuma. Nipo, kwenye mlango wa mapokezi. Nipo, kwenye gari. Akaikumbatia kompyuta ya tatu, akapanda lifti kurudi juu, na katikati ya ghorofa umeme wa mji ukakatika.

Jenereta ziliwaka mara moja, zote mbili, kama alivyozikagua. Zikawasha taa za ukumbi, vipaza sauti, hata feni za chooni. Lifti ndiyo mjenzi aliisahau.

Mbilimbili akabonyeza kengele ya dharura, ikalia ndani kwa ndani, hakuna aliyesikia isipokuwa yeye. Akatazama simu, hakuna mtandao hata wa kuombea. Akaandika Nipo, ukazunguka, ukakataa kwenda. Akaandika tena. Yuko hai, mzima, suti imenyooka, kompyuta ya tatu kifuani, na duniani hakuna anayejua. Akajipa moyo kwamba hakuna kitakachoanza bila yeye. Bila mzungumzaji wataanzaje? Watangoja. Na ili muda usipotee bure, akageukia kioo cha lifti, akakohoa mara mbili, akaanza kutoa mada yake.

Aliitoa vizuri. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba hajawahi kuzungumza vile, kwa sauti ya kutosha, bila mtu kusinzia mbele yake. Alikuwa amefika kwenye ugonjwa wa vichwa viwili, na anauchambua barabara, umeme wa mji uliporudi na lifti ikampandisha mpaka juu.

Mlango ukafunguka, akasikia kicheko cha ukumbi mzima. Akajua ameshuka ghorofa isiyo yake, maana kwenye mada zake hakuna aliyewahi kucheka. Akatazama namba ukutani, ndiyo hiyo. Akasogea mlangoni akachungulia. Mke wake alikuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi, na nyuma yake kwenye ukuta slaidi za Mbilimbili zinang'aa. Alikuwa anawaeleza habari za kiranja mkuu aliyekwenda chooni akachelewa, na kiranja msaidizi akashika chaki. Watu waliegemea mbele. Wa nyuma walikuwepo, wote, hakuna aliyenyata.

Unadhani alifurahi? Moyo ulimlipuka kwa wivu. Mada yangu, slaidi zangu, kitabu changu. Hakumbuki alivyokatiza ukumbi, alijikuta jukwaani na kile kipaza sauti cha pili mkononi, akawaomba radhi wageni kwa usumbufu, akasema sasa tutaendelea kitaalamu. Akabonyeza rimoti yake kwenda slaidi inayofuata. Mke wake naye, aliyekuwa katikati ya sentensi, akabonyeza ya kwake. Slaidi zikaruka mbili. Yeye akarudisha moja nyuma, mke akarudisha moja nyuma, wakajikuta palepale. Yeye anasema hivi, mke anasema vile, sauti zimegongana kwenye spika, na ukutani michoro inakwenda mbele na nyuma kama mlevi kwenye mlango. Ukumbi ulikuwa hauna mbavu. Walidhani yamepangwa.

Mshereheshaji akapanda, tai imekwenda upande, akauliza kwa heshima mzungumzaji hasa ni nani. Mke wake akashusha kipaza sauti, na alipozungumza hakuzungumza na ukumbi, alizungumza naye.

"Mapigo yalikatika," akamwambia. "Nimekaa pale roho juu, nawaza umeanguka kwenye ngazi, umegongwa na gari kule chini. Miguu ilitaka kuja. Lakini ulisema nisikutafute, nikapanda."

Mbilimbili akainua macho. Nyuma ya kichwa cha mke wake, ukutani, kulikuwa na slaidi aliyoitengeneza kwa mkono wake, yenye seva mbili zote zimevaa taji, na chini yake maneno yake mwenyewe kwa herufi nzito. Akaisoma. Hapo ndipo alipoona kwamba ugonjwa aliouandikia miaka yote hakuwahi kuuugua mpaka siku ile.

Na kwenye mstari wa mbele mkono ukanyooka. Mama mkwe alisimama, akalitengeneza vazi lake, akasema kwamba yeye hajui hayo mambo hata kidogo, lakini kama ni kura, yupo.

"Mwacheni binti yangu amalizie. Mkwe wangu ni mtu mwema sana, namwombea kila siku, ila akizungumza nalala."

Ukumbi ukapiga makofi. Hajui kitu, hatunzi kumbukumbu, amepiga kura. Alikuwa shahidi kamili, na hata Mbilimbili kwa uchungu wake alilazimika kukiri kwamba ni kama alivyoandika. Angeweza kubisha. Lakini kitabu chake chote kilisema anayeshindwa ashuke papo hapo, na kama yeye mwenyewe hakuweza, basi hakikuwa na faida ya kuchapwa. Akaweka kipaza sauti mezani, akashuka, akaketi kwenye kiti cha mke wake, kompyuta ya tatu mapajani.

Jamani, kukaa pale kuligoma kuwa kwepesi. Kila neno alilosema mke wake, midomo yake yeye ilikwenda nalo. Alipokosea jina la kifaa fulani, Mbilimbili aliinuka nusu, na mama mkwe akamshika mkanda wa begani akamrudisha chini. Muda ule ndipo kwa mara ya kwanza alijua inavyokuwa kujua kila kitu na kunyamaza. Baadaye fundi mmoja mwenye ndevu akauliza swali gumu, itakuwaje shahidi naye akifa, na mke wake akacheka, akasema hilo ni la mwenye seva, akamrushia. Mbilimbili akasimama. Alikuwa na jibu la kurasa kadhaa. Akamtazama mke wake, akasema basi viranja waliopo waendelee na kazi yao kama kawaida, wasipigane, na mwalimu wa kuwaamua atafutwe haraka. Watu wakacheka. Walimcheka vizuri, na hakuna aliyelala.

Mhariri aliwafuata pale mlangoni, kavu vilevile. Akasema kitabu atakichapa. Siyo kile alichokisoma, hiki alichokisikia, na jaladani yawe majina mawili. Mbilimbili, mtu wa mbilimbili tangu kuzaliwa, jina hili la pili lilimchoma. Akaendesha gari kurudi nyumbani. Walipofika, akafungua kufuli zote mbili, akasimama, akamuuliza mke wake lile la kiranja lianzie sura ya ngapi. Ya kwanza, akajibiwa. Wakaliandika hivyo.

Kitabu kilipotoka, mialiko ikaja, na safari hii bahasha zilikuwa na jina la mke wake juu. Mkutano wa kwanza, ukumbi mwingine, wakapangana upya: mke ndiye mkubwa, Mbilimbili wa akiba, mama mkwe mstari wa mbele kama kawaida, vazi jipya. Mke akatoka kidogo kabla ya zamu yake. Mbilimbili akabaki na simu mkononi. Nipo, ikasema simu. Baadaye tena, Nipo. Akatulia. Aligundua kwamba neno lile dogo lina raha yake ukiwa upande wa kulipokea, na katika makala zake zote hakuwahi kuandika hata mstari mmoja kuhusu hilo.

Kisha simu ikanyamaza.

Akangoja. Akaitikisa. Akaangalia saa ya mkono wa kushoto, akahakikisha na ya kulia. Mshereheshaji alikuwa ameshaanza kutaja jina. Kanuni ilikuwa wazi, aliiandika yeye, imechapwa, ipo madukani: usisubiri, usitafute, panda. Jukwaa lilikuwa hatua chache mbele yake, na slaidi alizijua kuliko mtu yeyote. Mbilimbili akainuka na kutoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Alichungulia kwenye lifti. Alipiga hodi kwenye choo cha wanawake akafukuzwa. Aliteremka ngazi mkanda mmoja wa begani umefyatuka, akimwita kwa sauti mpaka walinzi wakageuka. Akamkuta chini, kwenye varanda, ameinama anamfunga kamba za viatu mtoto wa mtu asiyemjua hata kidogo. Simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Mke wake akainuka, akamshangaa vile anavyohema.

"Baba mapacha, na ukumbi? Si ulitakiwa upande?"

"Kila kitu ninavyo viwili," Mbilimbili akasema, pumzi juu juu. "Wewe sina wa pili."

Mke wake akamrudishia mkanda begani, akaufunga. Ndipo wote wawili wakakumbuka kwa pamoja kwamba kule juu jukwaa lina dakika nyingi halina mtu. Wakapanda ngazi mbio wameshikana mikono, Mbilimbili akijua kabisa kwamba safari hii mfumo umekufa, na kwamba yeye ndiye aliyeuua.

Walipofika mlangoni, ukumbi ulikuwa unacheka. Mama mkwe alikuwa jukwaani, kipaza sauti amekishika kama mtu aliyezaliwa nacho. Alikuwa anawasimulia habari za kijana mmoja aliyekuja kumposa binti yake na pete mbili, na alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye ile ya kwenye soksi.